Mjadala: Bosi anayeruka CV za mabinti wa miaka 27 ni mbaguzi au anapiga hesabu?

Mtoto wa Pongwe:

Wakuu salaam. Hili jambo nimekaa nalo miaka mingi na leo naomba tulijadili bila kutukanana, maana najua humu kuna waajiri, kuna wanaotafuta kazi na kuna waliokaa pande zote mbili kama mimi.

Nilianza kazi Dar kama msaidizi wa HR kwenye kampuni ndogo ya usambazaji, jina tuliache, tulikua wafanyakazi 11 tu. Tukatangaza nafasi ya keshia, CV zikaja zaidi ya mia, nikaziprinti zote nikazipanga mezani. Bosi akaja na penseli. Akawa anaangalia sehemu mbili tu, jinsia na mwaka wa kuzaliwa, akikuta ni binti wa kuanzia 24 mpaka 33 hivi anapiga kimstari kidogo pale juu kulia na kuiweka pembeni, hasomi kasoma wapi wala kafanya kazi wapi. Dakika ishirini hazikufika, tukawa na mafungu mawili, moja la kusoma na moja la vimstari, na la vimstari ndo lilikua kubwa.

Sasa sikilizeni, bosi mwenyewe alikua mwanamke, mama wa watoto watatu, na kwangu alikua mtu mwema kabisa, mama yangu alipolazwa alinipa ruhusa wiki nzima bila kunikata hata shilingi. Nikamuuliza kwanini. Hakukasirika, akavuta kalkuleta. Keshia tunamlipa 900,000. Akijifungua nampa siku 84 na mshahara wake, hio ni 2,520,000 na mtu hayupo. Alafu natafuta wa kumshikia nafasi, 2,520,000 nyingine. Nina watu 11 hapa, wewe ungefanyaje? Nikakosa jibu, nikachukua fungu la vimstari nikalitia kwenye boksi.

Tangu siku ile nimekua nikijiuliza yule mama alikua mbaguzi au alikua anapiga hesabu, na je kuna tofauti yoyote kwa yule binti ambaye CV yake haikusomwa?

Kisheria hakuna mjadala, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 7 inakataza kubagua kwa jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, umri, kabila, dini na mengine mengi. Ila sheria hiyohiyo kifungu cha 33 inasema likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, 100 kama ni mapacha, na NSSF hata kama wana fao lao la uzazi kwa mwanachama, mshahara wa siku zile unatoka mfukoni kwa mwajiri. Yani ukurasa mmoja unamwambia usibague, ukurasa mwingine unamkabidhi bili ambayo inakuja akiajiri mwanamke tu. Mimi msimamo wangu nauweka wazi mapema: ubaguzi mwingi wa kazini haukai moyoni mwa bosi, unakaa kwenye ile bili. Kwahiyo mahubiri hayatauondoa, na soko likiachwa lenyewe nalo halitauondoa. Karibuni.

Mzee wa Kariakoo:

Mtoto wa Pongwe hongera kwa kuleta mada kwa adabu. Mimi nina duka la vifaa vya umeme, vijana sita, wote wa kiume. Simchukii mtoto wa kike, nyumbani nina mabinti wanne na wote nimewasomesha. Ila duka ni duka. Na hizi sheria za kumpangia mtu amuajiri nani mimi sizioni umuhimu wake, sokoni hapa ukifanya ujinga unaumia mwenyewe. Kama kweli nawaacha mabinti wazuri basi jirani yangu atawachukua, atapata watu wazuri kwa mshahara nafuu, atauza bei ya chini na mimi nitafunga. Mbona hajanifungisha? Miaka 19 niko hapahapa. Ina maana hesabu yangu iko sawa.

Mtoto wa Pongwe:

Mzee wangu shikamoo. Hayo uliyosema ndo kabisa maneno ya Gary Becker, mchumi wa Marekani aliyekuja kupata Nobel 1992. Mwaka 1957 aliandika kwamba ubaguzi ni kama hamu ya kitu na kila hamu ina bei yake. Bosi asiyetaka kukaa na watu wa rangi fulani ni kama ananunua raha ya kutokaa nao, na analipia kwa kuacha wafanyakazi wazuri wa bei nafuu. Wasio na hiyo chuki wanawachukua, faida yao inakua kubwa, na kukiwa na ushindani wa kweli mwenye chuki anabanwa taratibu mpaka anatoka. Ni hoja nzito, watu wanaidharau bure, kwa mara ya kwanza ilionyesha kwamba mbaguzi naye anajiumiza.

Ila hiyo inafanya kazi pale ambapo ubaguzi ni chuki. Wewe umesema mwenyewe humchukii mtu, na bosi wangu hakumchukia mtu. Baada ya Becker wakaja wachumi wengine, Edmund Phelps mwaka 1972 na Kenneth Arrow, wakasema mwajiri hamjui mtu aliye mbele yake, atamjulia wapi kwa karatasi mbili, kwahiyo anampima kwa kundi lake. Binti wa miaka 27 kwenye CV ni mtu mmoja mwenye mambo yake, labda hataki mtoto kabisa, labda ameshamaliza kuzaa, bosi haoni hayo, anaona kundi.

Na swali lako la mbona jirani hajakufungisha ndo limebeba kila kitu Mzee. Hajakufungisha kwa sababu jirani naye ana penseli. Hesabu yake ni ileile, kundi analoliona ni lilelile na bili anayoiogopa ni ileile. Mkiwa wote mmekwepa, ushindani utamuadhibu nani?

Mwalimu wa Historia:

Naomba nimtetee Mzee kidogo kwa mfano halisi maana humu watu wakisikia neno soko wanaona shetani. Afrika Kusini, Witwatersrand, mwaka 1922. Bei ya dhahabu imeshuka, wenye migodi wanataka kupunguza wachimbaji wazungu na baadhi ya kazi zao wawape weusi kwa sababu mweusi analipwa kidogo mno. Nani alikataa? Wachimbaji wazungu. Waligoma, mgomo ukageuka vita, serikali ya Jan Smuts ikaleta jeshi mpaka ndege za kivita, zaidi ya watu 150 wakafa. Smuts akashindwa uchaguzi wa 1924, ikaingia serikali ya Hertzog na chama cha wafanyakazi wazungu, na 1926 ikapitishwa sheria ya kuwafungia weusi kazi za ujuzi migodini. Kwahiyo tajiri alikua tayari kuvunja ubaguzi kwa tamaa yake mwenyewe ya faida, aliyeurudisha ni sheria, na nyuma ya sheria kuna kundi la wafanyakazi linalolinda mkate wake. Tusije tukadhani serikali siku zote iko upande wa anayebaguliwa.

Mtoto wa Pongwe:

Mwalimu hapo umenifundisha na nakubali kwamba sheria inaweza kua ndo ubaguzi wenyewe. Lakini malizia hadithi. Mweusi alikua wa bei rahisi kwanini? Sheria ya ardhi ya 1913 ilishamnyang'anya pa kulima, pasi, yani vibali vya kutembea, zilimbana asihame anavyotaka, na wenye migodi walishaungana, tangu 1912 walikua na shirika moja la kuwaandikisha kazi wenyeji, na wakakubaliana kikomo cha wastani wa mshahara ili mgodi mmoja usimpandie mwingine dau. Hapo mnunuzi wa nguvu kazi ni kama mmoja tu, na mnunuzi akiwa mmoja muuzaji hana pa kwenda. Joan Robinson, mchumi wa Uingereza, alilieleza hilo tangu 1933, kwamba mwajiri wa namna hiyo anaweza kulipa makundi mawili mishahara tofauti kwa kazi ileile, asimchukie yeyote, na faida yake ikaongezeka. Kwa Becker kubagua kunakugharimu, kwa Robinson kubagua kunakulipa. Ni dunia mbili tofauti, na mimi nahisi sisi wengi tunaishi hii ya pili.

Dada wa Thika:

Habari zenu, mimi natoka Kenya na nimefanya kazi kwa maua miaka sita. Mtoto wa Pongwe sikubaliani na wewe ukisema haikai moyoni. Inakaa. Kuna mchumi anaitwa Jonas Hjort alichapisha utafiti 2014 kuhusu kiwanda cha kupaki maua hapa kwetu, na kila kitu alichoandika mimi nimekiona kwa macho.

Kazi yenyewe iko hivi, mnakaa watatu, mmoja anagawa maua, wawili wanapokea na kuyafunga. Malipo ni kwa idadi. Anayegawa akikucheleweshea maua wewe huna cha kufunga, mikono iko tu, na unaona mwenzako wa upande wa pili rundo limemjaa. Huyo bwana alilinganisha timu za Wakikuyu na Wajaluo, zile za kabila moja na zile za mchanganyiko. Anayegawa alikua anawanyima maua wale si wa kwao, hata kama kwa kufanya hivyo malipo yake mwenyewe yanashuka, manake naye analipwa kulingana na kazi ya timu. Sasa hiyo si hesabu ndugu zangu, mtu anakubali kupoteza pesa yake ndo wewe usipate. Na baada ya ile vita ya uchaguzi wa 2007 ikazidi kabisa.

Kilichosaidia ni kampuni kubadilisha malipo, wale wawili wanaofunga wakaanza kulipwa jumla yao pamoja. Basi yule anayegawa akimpendelea wa kwao haimsaidii, manake pesa wanagawana sawa. Upendeleo kati ya wale wawili ukaisha. Hakuna mtu alihubiriwa, hakuna semina, moyo wa mtu sijui kama ulibadilika, lakini mimi niliyekua nakaa mikono mitupu maua yangenifikia.

Mtoto wa Pongwe:

Dada wa Thika nimesoma mara mbili. Umenirekebisha kweli, chuki ipo na watu wanailipia. Lakini ona na wewe ulivyomaliza, kilichoondoa ni kubadilisha nani anaumia. Hapo ndo napopapigania mimi.

Natafuta Kazi:

Mimi ndo hao wa vimstari. Nina 28, digrii ya uhasibu, sijaolewa. Usaili wa mwisho niliofanya, sehemu siitaji, swali la tatu lilikua una mchumba, la nne mnategemea kuoana lini. Nikasema sina mchumba. Nilikua nae, pete niliivua nikiwa kwenye daladala nikaiweka kwenye pochi ya simu. Kazi sikupata, na hata ningepata ningeanza kwa uongo.

Kitu ambacho hamjakisema ni hiki, mdogo wangu wa kike yuko kidato cha sita, hesabu anajua kuliko mimi. Ananiambia dada mimi sisomi uhasibu, nimeona wewe, miaka minne ya chuo na mitatu ya kuzunguka na bahasha. Anataka kufungua saluni. Sio kwamba saluni ni mbaya. Ila kesho mtu atasema wanawake hawapendi mambo ya hesabu, angalieni waombaji ni wachache.

Mtoto wa Pongwe:

Mdogo wangu pole sana, na hicho ulichokiandika kuhusu mdogo wako ndo sehemu inayouma zaidi kwenye nadharia yote ya Arrow. Mwajiri anaamini kundi fulani halifai, hawaajiri, wale wa kundi wanaona kusoma hakuna faida, wanaacha, mwajiri anaangalia anakuta kweli hawajasoma, anasema si niliwaambia. Imani ilikua ya uongo mwanzoni ikajitengenezea ushahidi wake. Na hakuna aliyemkosea mwenzake hesabu, kila mmoja kwa nafasi yake ameamua vizuri kabisa, na bado wote wamekwama mahali ambapo si pazuri. Soko haliwatoi hapo, maana mwajiri mmoja akiamka leo na nia njema atakuta waombaji wenyewe hawapo.

Wakili Mtarajiwa:

Wakuu suluhisho rahisi mbona lipo, tuondoe umri, jinsia, picha na jina kwenye CV. Marekani kuna utafiti wa 2004 wa Bertrand na Mullainathan, walituma CV karibu 5,000 Boston na Chicago, sifa zilipangwa zifanane isipokua majina, zenye majina ya kizungu zikaitwa asilimia 50 zaidi ya zenye majina ya watu weusi. Sasa kama jina ndo tatizo, lifute. Asichokijua hawezi kukitumia.

Mtoto wa Pongwe:

Wakili natamani ingekua rahisi hivyo. Kwa hatua ya kwanza inaweza kusaidia, ila ukificha habari moja mtu anabahatisha kwa nyingine. Hukohuko Marekani walipitisha sheria za kumkataza mwajiri asiulize kwenye fomu kama umewahi kuhukumiwa kwa jinai, nia ikiwa kuwasaidia hasa vijana weusi. Watafiti Agan na Starr wakatuma maombi kama 15,000 New Jersey na jiji la New York, kabla ya sheria na baada. Kabla, wazungu walikua wanaitwa asilimia 7 zaidi ya weusi kwenye kampuni zile zilizokua zinauliza, baada ya kuondoa swali pengo likaruka mpaka asilimia 43. Kwanini, kwa sababu yule kijana mweusi ambaye hajawahi kuhukumiwa alipokosa pa kuandika hapana, bosi akamhesabia kama vile naye aliwahi kuhukumiwa. Aliyekusudiwa kusaidiwa ndo akaumia.

Kwetu itakua vilevile, ukifuta umri atasoma mwaka wa kumaliza kidato cha nne, ukifuta huo atasubiri usaili amuone mtu. Ile hofu ya 2,520,000 bado iko palepale mezani. Ukimziba macho mtu anayeogopa hatembei kwa ujasiri, anapapasa.

Nipo Doha:

Salaam kutoka Qatar, mimi ni mlinzi hapa. Mnaongelea kundi, huku kundi ni pasipoti. Dada wa kazi za ndani akitoka Ufilipino, serikali yake mwaka 2006 ilisema asipungue dola 400 kwa mwezi, wakala huko anajua na mwajiri anajua. Dada wa kwetu Afrika Mashariki kazi ileile, jiko lilelile, watoto walewale, analipwa chini ya hapo, na ukiuliza utaambiwa ndo bei ya Waafrika. Bei ya Waafrika. Kama nyanya. Na wengi walikua wamefungwa kwa mwajiri mmoja, huwezi kuhama bila barua yake, hapo huyo mama Robinson anaingia kabisa. Hapa Qatar barua hiyo waliiondoa 2020, na Machi 2021 wakaweka kima cha chini kimoja kwa mataifa yote, riyali 1,000, na 500 ya malazi na 300 ya chakula kama mwajiri hakupi vitu hivyo, na dada wa ndani wamo. Sio kwamba mambo yameisha, ila ile sentensi ya bei ya Waafrika walau ina sakafu sasa.

Kijana wa Remera:

Mimi niko Kigali, nasoma huu uzi toka asubuhi nashangaa hamjagusa Rwanda. Sheria ya 2016 hapa imeanzisha mfuko wa uzazi. Kila mfanyakazi anakatwa asilimia 0.3 ya mshahara na mwajiri anaweka 0.3, jumla 0.6. Na ni kila mfanyakazi, mwanaume, mwanamke, mzee anayekaribia kustaafu, wote. Ilipoanza likizo ilikua wiki 12, wiki sita za kwanza analipa mwajiri, sita za mwisho mwajiri anarudishiwa na mfuko wa hifadhi ya jamii. Kwahiyo bosi akiajiri mwanaume analipa 0.3, akiajiri mwanamke analipa 0.3. Kwa zile wiki zinazolipwa na mfuko hakuna sababu ya penseli.

Mtoto wa Pongwe:

Kijana wa Remera ubarikiwe, umeniwahi. Hata mkataba wa ILO, shirika la kazi duniani, namba 183 wa mwaka 2000 umeandika hivyohivyo, kwamba ili kulinda nafasi ya wanawake kwenye soko la ajira malipo ya uzazi yatoke kwenye bima ya lazima au fedha za umma, mwajiri mmojammoja asibebeshwe gharama yake. Hii sio fikra mpya, mkataba wa 1952 nao ulishalisema.

Naomba nipige hesabu ya yule bosi wangu upya. Tuseme wote 11 wanalipwa 900,000, kwa asilimia 0.6 ni 5,400 kwa kila mtu kwa mwezi, nusu yake bosi, nusu mfanyakazi. Jumla 59,400 kwa mwezi, kwa mwaka 712,800, mfukoni mwa bosi mwenyewe inatoka 356,400. Inajulikana, inaingia kwenye bajeti Januari, na haibadiliki hata akiajiri mabinti kumi na moja. Linganisha na kushtukizwa 2,520,000. Najua Rwanda ilipoanza mfuko ulibeba wiki sita za mwisho tu, ukitaka ubebe zote mchango utapanda, uwe hata maradufu bado sioni bosi wa kukimbia.

Mzee wa Kariakoo:

Nimefuatilia kimya maana mnasema mambo ya maana. Maswali mawili. La kwanza, kijana wangu wa stoo ana 22, hana mke, mnamkata hela yake kwa ajili ya mtoto wa nani? La pili ndo zito, pesa sio kila kitu. Serikali ikinilipia huo mshahara sawa, lakini kazi inasimama. Keshia anashika droo ya pesa. Nitampata wapi mtu wa miezi mitatu wa kumwachia droo? Mtoto wa Pongwe umepiga hesabu ya mshahara, hujapiga hesabu ya droo.

Mtoto wa Pongwe:

Mzee la kwanza nitajibu kwa kifupi, huyo kijana alizaliwa, na siku moja mke wake nae atatafuta kazi. Bima ya moto unalipa na duka halijaungua.

La pili ni kweli na silipiti juujuu, na ndo maana hata nchi zenye mifuko mizuri bado tatizo lipo. Denmark wamefuatilia, mtoto wa kwanza akizaliwa kipato cha mama kinashuka na hata miaka mingi baadae kinabaki kama asilimia 20 chini ya kile ambacho angekua nacho, cha baba hakitikisiki. Mfuko pekee hautoshi. Kinachobaki ni kwamba kutoka kwa ajili ya mtoto bado ni jambo la mama peke yake. Tanzania baba ana siku 3, Kenya wiki mbili. Sweden mwaka 1995 waliweka mwezi wa baba, asipouchukua unapotea, mama hawezi kuutumia. Kijana wako wa stoo akiwa nae anaweza kuondoka mwezi mzima mtoto akizaliwa, penseli yako itapiga mstari kwa nani?

Ila naomba na mimi nikuulize kuhusu droo. Binti mjamzito sheria inamtaka akupe taarifa angalau miezi 3 kabla, na siku 84 zikiisha anarudi, anaijua droo, anawajua wateja. Mfanyakazi wa mshahara wa mwezi akitaka kuacha kazi moja kwa moja notisi ni siku 28, na harudi. Sasa kati ya hao wawili nani anakuachia droo vibaya? Bosi wangu alikua na kalkuleta ila hata siku moja hakuhesabu vijana wangapi wa kiume waliacha kazi mwaka ule, mimi faili zilikua kwangu, walikua watatu kati ya saba. Hao hawakua na mstari. Nadharia ya Phelps inasema mwajiri anatumia takwimu za kundi. Nilichokiona mimi ni takwimu za kundi moja tu, lile jingine hakuna aliyewahi kulihesabu.

Natafuta Kazi:

Samahani dada Mtoto wa Pongwe naomba kuuliza, zile CV za kwenye boksi uliishia kuzifanyia nini?

Mtoto wa Pongwe:

Zilikaa chini ya meza yangu mpaka naondoka pale. Nilizipitia jioni moja, kulikua na binti aliyekua keshia miaka minne sehemu moja bila upotevu wowote, barua ya mwajiri wake wa zamani ilikua imebanwa nyuma. Alikua na 29. Nilipaswa kuipeleka kwa bosi na sikuipeleka, nilikua bado nina miezi miwili ya majaribio. Kazi alipewa kijana mmoja, alikaa miezi saba.

Mzee wa Kariakoo:

Nimekaa na hili swali la notisi tangu mchana. Nimevuta daftari la mishahara. Tangu 2019 wameniacha vijana tisa, na notisi ya siku 28 nimepewa na mmoja. Wa mwisho aliondoka kwa meseji, Jumamosi saa mbili asubuhi wateja wamejaa mlangoni, funguo za stoo kamwachia mlinzi.